Mwiko wa Pipa na Shabu Iliyogoma

Nina furaha! Leo nimesema mbele ya darasa zima, mimi ambaye hata jina likiitwa asubuhi nanong'ona.

Mwalimu wa kemia alitaka kila mtu alete fuwele moja ya shabu, yale mawe meupe ya kutuliza tope la maji ya ziwa, halafu aeleze ilivyokua. Mimi nilipanga kuleta kubwa ajabu, watu waitazame wasahau kuniuliza maswali. Nikayeyusha shabu nyingi kwa maji moto, nikachuja, nikafunika chupa. Siku tatu, maji maangavu tu. Hakuna hata punje! Nililia chooni.

Jana baada ya kanisa, Dani, nyanya yangu tunayeishi naye, akaiona chupa kando ya mfuko wa shabu.

"Nani ameweka shabu na hajakoroga? Hii maji itatulia aje?"

Kabla sijajibu alishatumbukiza mwiko wa pipa, ule anaokorogea maji ya kunywa miaka yote. Ghafla chupa nzima ikajaa punje, zikishuka kama unga.

"Dani, wacha!"

"Kwani nimeua mtu? Na kumbe una sauti!"

Nikautazama mwiko. Ulikuwa na ukoko mweupe wa shabu kavu. Hapo nikaelewa, nikaruka! Chembe za shabu ndani ya maji zilikuwa zinakutana, zinashikana kidogo, zinaachana, kundi linavunjika kabla halijakua. Zilikosa pa kuanzia. Mwiko umezipa mamia ya pa kuanzia, zikagawana shabu, ndiyo maana zote zikatoka ndogo.

Nikatoa punje moja nzuri. Zingine nikaziyeyusha tena, nikachuja, nikangoja maji yapoe kabisa yasije yakaila punje yangu, ndipo nikaining'iniza kwa uzi. Asubuhi ilikuwa kama haragwe, pembe kali kali.

Darasani wengine walikuwa na kubwa.

"Madam, huyu ameleta jino ya mtoto!" kijana wa nyuma akapaza sauti. Wakacheka.

Nikatoa mwiko wa Dani kwenye begi.

"Hili jino lina mama yake," nikasema, kwa sauti ile ya kumkemea Dani. Sikunyamaza mpaka kengele. Yule kijana ndiye aliyeuliza maswali mengi, na yote niliyajibu.

Nimefika nyumbani, Dani yuko mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwizi wa mwiko! Leo tumekunywa tope."