Chupa ya Chai ya Mama Odeta

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naona aibu. Nimeamua kukusimulia kabla hujaanza kuzunguka vijijini na hicho kinasa sauti chako ukiulizia dawa za miti, kwa sababu wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kaka yangu hatakusimulia.

Nilikuwa muuguzi kijana huku Kasulu, wodi ya kifua kikuu. Baba yako alikuwa ametoka chuo, mwembamba, msemaji, suruali imepigwa pasi utadhani anakwenda kuposa. Alikuwa kwenye kikundi cha watafiti waliogundua kwamba kitu kilichomo kwenye mti mmoja mchungu wa milima yetu, kikiwekwa pamoja na dawa ya kifua kikuu, kinaua vijidudu zaidi kuliko dawa ile peke yake. Mti wenyewe siutaji. Nawajua watu wetu. Nikiutaja leo, kesho umeshachunwa magome kutoka hapa hadi Kibondo.

Walitaka hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Baba yako alinieleza jikoni huku akiumaliza ugali wangu. Mti ni wa siku zote, huwezi kuumiliki. Kidonge nacho kina wenyewe. Kinachoweza kupata hataza ni ule mchanganyiko, mradi uwe mpya na ulete nguvu ambayo hata mtaalamu asingeitegemea. Ikijulikana kwamba watu walikwisha kuuchanganya na kupeana, basi, uvumbuzi hakuna.

Ndiyo maana wakili wao akaja kutoka Dar es Salaam. Alisimama katikati ya wodi akauliza, "Kuna mtu hapa anakunywa dawa ya miti pamoja na vidonge?" Wagonjwa wote wakatikisa vichwa. Wakili akatabasamu, akaandika. Mimi sikushangaa. Kila asubuhi tuliwakataza dawa za miti, na tuliyemkuta nazo alikiona cha mtema kuni.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala Mama Odeta, aliyeletwa kutoka Nyabibuye. Macho yake yalikuwa yamegeuka manjano. Daktari alikuwa amekwisha kumsimamishia vidonge akidhani ndivyo vinavyomuumiza ini, lakini manjano ilizidi tu, na sasa alikuwa hata kukaa hawezi.

"Mama, niambie ukweli, kuna kitu kingine unatumia?" daktari alimuuliza.

"Oya, hapana, daktari. Ni chai tu."

Na kweli, kando yake palikuwa na chupa ya chai, ile nyekundu yenye maua, na dada yake alikuwa anammiminia.

Nilitoka nje kuanua mashuka. Nyuma ya jengo nikamkuta baba yako na Bibi yetu, mama yake baba, ambaye dawa zake zilijulikana hadi Manyovu. Alikuwa amekuja kumtazama Mama Odeta. Baba yako alimshika mkono, anamsihi kwa sauti ya chini.

"Bibi, subiri kidogo tu. Maombi yanapelekwa kesho. Ukisema mbele ya wale watu kwamba unawapa dawa yako wainywe na vidonge, kitu si kipya tena. Kazi yetu yote inakufa. Na jina langu limo mle, Bibi!"

Nilielewa palepale kilichokuwa ndani ya ile chupa.

Bibi alimtazama. "Na yule mama, anayo hiyo kesho?"

Bibi akaung'oa mkono wake, akaingia wodini na viatu vyake vya matope, mimi nyuma yake. Wakili alikuwa bado anafunga mkoba. Bibi hakumsalimia mtu, na hilo kwake halikuwa jambo dogo. Aliinua chupa, akaifungua, na harufu chungu ikajaa chumba kizima.

"Hii si chai," alisema. "Mimi ndiye niliyempa. Wengi humu nimewapa, nikawaambia wanywe pamoja na vidonge vyenu, na walisema wanapata nafuu. Kama ndiyo inayomuumiza huyu, sijui. Na wewe daktari hujui, kwa sababu tulikuficha."

Mzee mmoja pembeni akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kichupa chake. Mwingine naye akatoa. Wakili aliitazama kalamu yake, halafu akairudisha mfukoni.

Nilidhani yamekwisha, kumbe yalikuwa bado. Bibi alinigeukia.

"Na wewe mwana wanje, mwanangu, wewe wa gauni jeupe! Mtu akija na majani unamfokea kama mwizi wa kuku. Sasa nani atakuambia anakunywa nini?"

Mbele ya wodi nzima, mwanangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari aliiondoa ile chupa. Tulikaa na wasiwasi muda mrefu, hadi macho ya Mama Odeta yalipoanza kurudi meupe, na ndipo akarudishiwa vidonge kidogo kidogo, akavimaliza. Maombi ya hataza hayakwenda popote. Baba yako alimkasirikia Bibi, na siku aliyomwendea tena alikuwa analia. Mengine mwulize mwenyewe.

Sasa na wewe umekuja na mti wako na kidonge chako, na macho yanakung'aa kama yake. Nakupenda, kwa hiyo nakwambia bila kukuzungusha: usimuulize mtu anayekuogopa. Atakupa jibu unalolitaka, nawe utaliita ugunduzi. Ukikuta kina mama wa vijijini wamekutangulia, andika kwamba wamekutangulia, hata kama hataza itakupita. Ukikuta kweli ni kitu kipya, iombe bila aibu, na wenye mti wawepo mezani tangu mwanzo. Na yeyote asiache vidonge vyake kwa ajili ya maneno yako.

Mungu akujalie masikio mapana kuliko jina lako, na mikono yako isimdhuru mgonjwa.

Kesho nitakupeleka kwa Mama Odeta. Yu hai, mnene, na bado ana chupa yenye maua. Akikumiminia, kunywa kwanza, ndipo uulize. Siku hizi ni chai.