Maneno Yangu ya Bondeni

Jumanne, tarehe 18 Novemba. Asubuhi mawingu yalikaa juu ya milima, upepo wa kaskazini ukaingia mpaka ndani, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne tumezima kiyoyozi mchana. Kila mtu hapa mtaani kwetu Ghubra anaisifu hali hii ya hewa. Mie nimekaa nayo kama mgonjwa aliyeletewa halua.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu cha kuandika hakivuki barua ya kuomba ruhusa. Skuli niliiacha darasa la sita, mama aliponileta huku kwa Waarabu kutoka Unguja, na nilipopata umri nikaingia kazi ya kuendesha gari za wapima barabara. Sina hakika kama mambo haya yanastahiki karatasi. Lakini yamenikaa kooni siku kumi na moja, na kila nikiyakumbuka nayaona yamebadilika kidogo, mara nimekosa mimi, mara kakosa mwengine. Bora niyafunge mahala pamoja.

Kila mwaka joto likivunjika huchukua gari langu la zamani, godoro, birika na mchele kidogo, nikaenda kulala bondeni peke yangu, siku moja au mbili. Ada hii niliipata kazini. Wapima barabara wakilala nje miezi, na mie dereva nilikuwa nao, lakini dereva hana saa yake. Kila mtu anamwita. Nilipostaafu nikataka nione bonde bila ya kuitwa. Mke wangu hajapata kulikubali hilo. Husema, "Mtu ana nyumba, ana kitanda, anakwenda kulala kwenye mawe kama mbuzi aliyefukuzwa." Simlaumu. Watu wetu wa kisiwani si watu wa kulala nje, na kusema kweli hata mie usiku wa kwanza huwa nasikia kila jiwe likitembea.

Safari hii nilitoka Ijumaa baada ya sala, nikashika njia ya Quriyat, nikaingia bonde ninalolijua. Binti yetu mdogo nilimwacha amekaa na simu mapajani. Kasomea kazi ya maabara ya hospitali, na cheti chake kina miaka mitatu kabatini. Wiki ile alikuwa ameshafanya usaili wa kazi ya serikali, ikabaki jina kutoka au kutotoka katika orodha ya waliochukuliwa. Nyumba nzima tulikuwa tunatembea kwa ncha za vidole kwa ajili ya jina hilo.

Bondeni simu hushika ukipanda kijiwe kimoja tu. Nilipanda, na makosa yakaanza hapo. Jamaa waliobaki Unguja walikuwa wameniletea sauti nyingi za khabari za kule: watu wamepiga kura, sasa wamejifungia majumbani, maduka hayajafunguka, mmoja anasema hivi, mwengine anasema yule mwongo. Nikasikiliza zote, na za upande huu na za upande ule, kwa sababu sipendi kuhukumu nikiwa na sikio moja. Niliposhuka kifua kilikuwa kimejaa.

Baada ya alasiri akatokea mtu kwa miguu nyuma ya jabali. Mwarabu wa hapa hapa, umri wa mwanangu mkubwa, kanzu yake safi, simu mkononi. Alisimama mbali, akatoa salamu, akangoja nimkaribishe, kama inavyotakiwa. Alikuwa peke yake, gari lake kaliwacha juu. Nikamkaribisha mkekani nikammiminia kahawa.

Sasa, wenyeji wana ada yao. Mgeni akishakaa na kikombe kikishapita, mnaulizana: khabari gani, ulumu gani? Yaani kuna jambo gani jipya huko utokako. Na jibu ni moja. Hakuna khabari, hakuna ulumu, kheri tu. Hata kama umetoka kuzika asubuhi. Yaliyopo yatakuja baadaye kwa kuzunguka, au hayaji. Ni ada nzuri, na sasa naona ni ada ya watu wenye akili. Na sisi watu wa kisiwani pia tukiulizwa tunasema njema, si uongo. Ila njema yetu ina mlango wa nyuma: njema, lakini. Miaka hamsini nimekaa hapa na bado sijaufunga mlango huo.

Yule bwana akauliza, khabari, ulumu? Nami nikasema kheri, lakini. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha barabarani kuwa kule nilikozaliwa watu wamepiga kura na sasa wanaogopa kutoka. Ningeishia hapo ingekuwa khabari ya mbali, ya nchi ya watu. Sikuishia. Maneno niliyoyaongeza nayaandika kama nilivyoyasema, nisijipunguzie: "Lakini wale angalau wameulizwa. Sisi nani anatuuliza? Vijana wetu wanakaa na vyeti miaka mitatu wanangoja simu ilie." Halafu, kama hayo hayatoshi, nikamtaja binti yangu, kasomea nini na anangoja kazi gani, mpaka na jina lake.

Naapa sikuwa na ubaya. Nchi hii ilinipokea na mama yangu mjane, ikanipa kazi, ikanitibu. Hakuna mtu aliyewahi kunigusa kwa neno lolote, na huenda ni kwa sababu sikuwahi kusema neno lolote. Sijui. Huo ndio uadilifu ninaoweza kuutoa.

Yule bwana alikitikisa kikombe, ishara ya kuwa kimetosha, akasema jambo dogo ambalo halikunikaa masikioni, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye simu yake. Aliuliza nakaa wapi. Nikamwambia Ghubra. Akaomba namba yangu tutembeleane, na hiyo ni kawaida, nikampa. Akaaga. Alipofika usawa wa gari langu akasimama nyuma yake, akainamisha kichwa, akaandika kitu kwenye simu. Kisha akapanda zake.

Nilikaa pale pale mkekani nikaitazama njia aliyopandia. Bonde lile nimelilalia miaka sita na sikuwahi kuona lina njia moja tu ya kutokea. Sikupika. Nilikunja godoro na mkeka, birika nikalitia na maji yake, nikaondoka kabla ya magharibi. Mke wangu aliponiona mlangoni alicheka. "Mbuzi karudi mwenyewe." Nikamwambia kiuno kinauma.

Siku zilizofuata sitaki kuzikuza, lakini khofu ilikuwa khofu kweli. Simu ikilia naitazama ikilia. Siku moja gari nyeupe ilisimama mbele ya duka la jirani muda mrefu, nikaizunguka kwa nyuma kama mwizi. Kumbe mwanamke anangoja mikate. Binti yangu alikuwa anauliza mbona nimenyamaza, nami namwona usoni jina lake, lile nililolitoa kama tende kwa mtu nisiyemjua. Nikawa nahesabu: likitoka, basi alikuwa mtu mwema, maneno hakuyapeleka serikalini. Lisipotoka, ni mimi. Nikajua hesabu hiyo si ya haki, kwa sababu majina mangapi hayatoki na baba zao hawajasema kitu? Lakini khofu haisomi hesabu.

Jana baada ya alasiri binti yangu akaniita kutoka dirishani. "Baba, kuna mtu nje kakaa garini hashuki."

Alikuwa yeye. Kwanza niliwaza nisifungue. Halafu nikaona mtu aliyefika leo bila ya kuelekezwa nyumba atajua kunifikia kesho. Nikafungua, nikamkaribisha barazani, binti yangu akaleta kahawa na tende mpaka mlangoni nikazipokea. Safari hii niliuliza mimi, khabari, ulumu? Akasema hakuna khabari, hakuna ulumu. Akanirudishia, nami nikasema vivyo hivyo. Tukanywa kahawa wote wawili na kheri yetu.

Mkono wake ulikuwa unatetemeka kikombeni. Niliuona kabla ya kuuamini.

"Ami," akasema, "yale maneno ya bondeni, umemhadithia mtu?"

Nikamwambia sikumwambia mtu, hata mke wangu.

"Na yangu?"

Nikamtazama. Nikamwambia sikumbuki kama alisema neno. Akanitazama naye, akijaribu kuona kama nafanya mzaha. Ndipo akanieleza, sauti ya chini. Kumbe pale bondeni alisema, "Hata mimi lau si watoto wangu ningesema." Hilo tu. Anafanya kazi ofisini, ana watoto wanne, na tangu Ijumaa ile halali. Alipofika nyuma ya gari langu aliandika namba ya kibao chake, ili likitokea jambo ajue angalau limetoka kwa nani. Akanionyesha simu, akaifuta namba mbele yangu. Akaniomba nisahau. Nikasema nimeshasahau, na kwa upande wangu lilikuwa kweli.

Alipoondoka nilitaka kufurahi. Mtu kaja kuniogopa mimi, dereva mstaafu! Lakini furaha haikufika mbali. Mtu anayetaka kuniomba ningemjua vipi, na mtu anayetaka kunipima ningemjua vipi? Wote wawili wangekunywa kahawa ile ile na kuuliza lile lile, umemhadithia nani. Ule mkono nauamini. Naona naweza kuuamini. Nikimdhania ubaya na hana, nimemdhulumu. Nisipomdhania na anao, nimemdhulumu binti yangu.

Binti yangu alikuwa nyuma ya mlango, hakuondoka. Nikaona kumficha ni kosa la pili, nikamwambia yote, maneno kwa maneno. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulimpa na jina langu?"

"Nilimpa."

Hakulia, wala hakunitolea ukali. Ingekuwa nafuu. Alikaa akapiga mahesabu yake mwenyewe, kisha akasema, "Basi, Baba, nikiitwa sitojua kwa nini, na nisipoitwa sitojua kwa nini."

Mpaka leo jioni simu yake haijalia. Nilifikiri nimwombe radhi, nikaogopa atanisamehe upesi kwa ajili ya uzee wangu. Nikamwomba hivyo hivyo, leo baada ya sala ya magharibi, alipokuwa anakuna nazi. Akasema, "Nimekusikia, Baba," akaendelea kukuna.

Tumekula ndizi mbichi za nazi na papa mkavu wa kukaanga, na chai ya tangawizi.