Togwa Yangu na Dumu la Lutengano

Mkutano wa kijiji ulinifukuza kazi ya kupikia watoto wa chekechea kwa kosa lisilo langu. Walisema togwa yangu imewaozesha watoto meno. Aliyesimama kunisema ni Lutengano, meneja wa duka la kijiji, mtu aliyeletwa kwetu kutoka Mbeya. Dumu la maji ya machungwa lililowaozesha lilikuwa dukani kwake.

Mimi sikusoma, lakini togwa ya ulezi naipika tangu sijaolewa. Naikoroga jioni, asubuhi watoto wanakunywa, mchana chungu kimeshaoshwa.

Lutengano alikuwa anakamua machungwa ya bondeni, anajaza dumu, analiacha chini ya bati la duka linalowaka jua. Yakianza kuchacha, hayamwagi. Anaongeza sukari. Kesho yake anaongeza tena. Kikombe kilifungwa kamba mlangoni, na watoto walikirudia kutwa nzima, funda moja moja. Wazazi tulifurahi. Sukari ilikuwa ya shida miaka ile, na mtoto akiipata bure tuliona huo ndio ujamaa wenyewe.

Kisha Kornel, mjukuu wa jirani yangu Agnesi, akaanza kulia jino. Wenzake nao meno yakawa meusi kwenye fizi.

Mkutanoni Lutengano akasema, "Ndugu wananchi, tuulizane. Chekechea anapika nani?"

Watu wakanigeukia.

"Na dukani anagawa nani?" nikauliza.

"Ndugu Luciana, usilete fitina."

"Fitina imo kwenye dumu. Lilete hapa tulinuse."

Watu wakacheka, lakini mwenyekiti akaitisha mikono. Mikono ikanyoshwa, hata wa Agnesi. Nikarudi nyumbani na chungu changu kichwani, mchana, nikipita katikati ya kijiji ili wanione vizuri.

Baada ya mavuno akaja mganga wa meno kutoka mjini. Alimfungua Kornel kinywa, akamwuliza anakunywa nini. Kornel akaonyesha duka. Mganga akaenda, akafungua dumu, akarudisha uso nyuma.

"Haya yamechacha," akasema. "Ukali wake unalainisha jino, sukari inakuja kulimaliza. Na wakinywa kidogo kidogo kutwa, jino halipumziki."

"Na togwa?" nikamwuliza mbele ya Lutengano.

"Togwa nayo ukiilaza siku nyingi ni yale yale, mama. Wewe unailaza?"

"Waulize waliokunywa."

Agnesi, aliyemleta mjukuu wake, akatazama chini. Akasema, "Hailazi zaidi ya usiku mmoja."

Lutengano alimwaga dumu nyuma ya duka siku ileile. Mwenyekiti akaja kwangu jioni, akaniambia nirudi jikoni kimyakimya, mambo yaishe.

"Nilifukuzwa mkutanoni," nikamwambia. "Nirudishwe mkutanoni."

Mkutano haukuitwa. Sikurudi. Togwa yangu niliendelea kuipika barazani kwangu, na mtoto aliyetaka alikuja, mama yake apende asipende.

Sasa Lutengano yuko mjini, Mazwi, ana duka lake. Juzi tulikutana sokoni.

"Habari za siku nyingi, Mama Adela?" akaniamkia kwa jina la binti yangu.

"Habari yangu uliiacha mkutanoni. Nenda ukaichukue."

Akacheka, akageukia fungu la nyanya. Mimi sikucheka. Bado wako walionyosha mikono ile, na wengine wanawaambia wajukuu wao kwamba Luciana aliozesha watoto meno. Lutengano hajaja kusimama mbele yao na kusema kwa mdomo wake kwamba lilikuwa dumu lake. Mwenyekiti naye hajawaita waje kusikia. Mimi nipo palepale, na chungu changu kipo.