Ganda Lililomrukia Mokami

Mama mkwe wangu Mokami alikuwa na maadui wawili katika dunia hii: unyevu na ubahili. Unyevu ulimharibia ugoro wake. Ubahili aliuona kwa mwanawe wa pekee, Waitara, ambaye ni mume wangu, na hakuna aliyeweza kumtoa katika fikra hiyo.

Alikuwa mjane mwembamba, mchapakazi, mwenye ulimi uliokuwa mbele yake daima. Nyuma ya nyumba yetu pale Turwa alilima wimbi na kipande cha tumbaku. Tumbaku aliianika, akaisaga na magadi, akapata ugoro ambao watu walitoka hata Sirari kuufuata. Lakini yeye mwenyewe, fundi wa ugoro, aliubeba wa kwake katika pembe ya mbuzi yenye ufa. Mvua zikianza, ugoro ulishikana humo ndani ukawa matope, naye akashinda siku nzima akigombana na kila mtu, kuku wakiwemo.

Jirani yetu Kezia hakuwa na shida hiyo. Mumewe, mzee Nikolaus, alipigana Burma, na aliporudi alimletea ganda tupu la risasi, la shaba, akalichongea kizibo cha mti. Kezia alilivaa shingoni kwa kamba ya ngozi. Kila akitaka kunusa alilifungua polepole, hasa Mokami akiwa karibu. Nami nasema wazi, Kezia alikuwa na maringo yasiyolingana na kiganda kile.

Basi Waitara alipoingia Keya, jina tulilolipa jeshi la Waingereza, mama yake alijua shida yake imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilianza. Kila likizo, kabla hata mtoto hajavua kofia, aliulizwa.

“Umeniletea ganda?”

“Shikamoo, mama. Maganda yanahesabiwa.”

“Marahaba. Risasi mmeshaipiga, ganda mnalihesabia nini? Mtu akila ndizi anahesabu maganda?”

Waitara alimweleza mara nyingi, kwa upole. Baada ya kulenga shabaha kila askari husimama mbele ya sajini na kutamka kwamba hana risasi wala ganda. Ganda tupu linaweza kujazwa baruti upya na kupigwa tena, na serikali inaliogopa hilo. Likipotea moja, aliyepiga ndiye anayejibu: anaweza kufungwa na kufukuzwa jeshini.

“Mbona Nikolaus alileta?”

“Nikolaus alilitoa vitani. Vitani hakuna anayehesabu.”

Mokami alisonya. Akaniambia mimi, mwanawe akisikia, “Nyangi mwanangu, umeolewa na mtu anayeninyima hata ganda.” Mimi nilicheka, Waitara hakucheka. Nilijua inamuuma, kwa sababu hakuwa mchoyo hata kidogo. Mshahara wake ndio uliotulisha sote na kumsomesha Hezekia wetu. Tulikuwa tunaegemea mti mmoja.

Mwaka 1959, wimbi likiwa limeshavunwa, malori ya Keya yakaja Tarime kutafuta vijana wa kuandikishwa. Walikuja pia na bunduki mpya ili watu waione. Waitara, aliyekuwa koplo, ndiye aliyechaguliwa kuionyesha, maana alikuwa mtoto wa hapa na alijua kulenga. Alipokuja nyumbani jioni ya kwanza kutusalimia, alizungumza juu ya bunduki hiyo kama mtu aliyepata ng'ombe mpya.

Ile ya zamani, alisema, ilikuwa ya komeo. Ukipiga, lazima uvute komeo kwa mkono ili ganda litoke, ulisukume tena ili risasi nyingine iingie, ndipo upige. Hii haitaki hayo. Nguvu ya ile risasi iliyopigwa ndiyo inayorudisha komeo nyuma, inatupa ganda nje na kupakia nyingine. Wewe ni kidole tu. Wabelgiji ndio walioibuni, Waingereza wakaichukua, wakaijaribu kwenye vumbi na mchanga, wakaona inakwama, wakaichonga mikato ndani ili mchanga upate pa kwenda. Wakaizuia pia isimimine risasi mfululizo, maana askari angezimaliza zote kwa woga. Miaka ilipita kabla hawajakubaliana nayo.

“Na sisi wazee wa komeo tunachekwa,” akasema. “Siku ya kwanza nilipiga risasi moja, mkono ukaruka wenyewe kwenda kwenye komeo, nikashika hewa. Sajini akaniuliza kama nakuna mbavu.”

Mokami alisikiliza yote kwa makini. Kisha akauliza, “Na ganda lake ni kubwa?”

Kesho yake tulikwenda uwanjani, chini ya kilima. Vijana walitoka kila upande, hata Waikoma na Wanata kutoka Serengeti walikuwepo. Wazee na vijana walikaa kushoto kwa wapiga shabaha, sisi wanawake tukapangwa kulia. Ndivyo tulivyokaa siku zote jeshi lilipokuja na bunduki za zamani, na hatukuwahi kupata kitu zaidi ya kelele masikioni. Maganda ya bunduki ya komeo yalidondoka palepale karibu na kiwiko cha askari. Hakuna aliyefikiri kwamba bunduki ikibadilika na mahali pa kukaa pabadilike.

Waitara akalala chini, akapiga. Mara ya kwanza wote tuliinama. Mara zilizofuata tulipiga vigelegele, kwa sababu risasi zilifuatana bila mkono wake kusogea na maganda yaliruka juu kama panzi. Nilijisikia vizuri sana siku ile. Nilimtazama Kezia, naye akatazama pembeni.

Ganda moja liliruka mbali kuliko mengine. Sikuliona wakati ule, nilisimuliwa baadaye. Lilimwangukia Mokami mapajani, la moto, linang'aa. Akalipuliza, akalifunga kwenye pindo la nguo. Nataka mnielewe hapa, na mumwelewe yeye. Kwetu, wimbi likishavunwa, masuke yaliyobaki chini ni ya mwokotaji, na mjane ndiye wa kwanza. Mwenye shamba hageuki nyuma kuyatazama. Akigeuka ataitwa mchoyo mpaka kaburini. Hili hakuliomba kwa mtu, hakulichukua kwenye rundo la jeshi, limemfuata lenyewe alipokaa. Moyoni mwake lilikuwa masazo ya shamba. Watu walipoinuka kunyoosha miguu alikwishalijaza ugoro kutoka kwenye pembe na kuliziba kwa kipande cha gunzi.

Askari wakaokota maganda, wakahesabu, wakahesabu tena. Nikaona wamepiga magoti wanapapasa nyasi. Kisha Sajini Nikodemo, Mnata mwenye sauti ya ngoma, akatangaza kwamba ganda limepotea na atakayekutwa nalo atafungwa jela. Wanaume wakapekuliwa. Chifu wetu akakataa kabisa wanawake kuguswa, akaamuru turudi nyumbani. Mokami aliondoka na wa kwanza. Mimi nikabaki nyuma kumsubiri Waitara.

Hakuja. Nilimkuta amesimama bila mkanda, kama anavyowekwa askari aliyekamatwa, katikati ya askari wawili, na kapteni wake, Mwingereza mrefu mwenye shingo nyekundu, anauliza maswali ambayo Nikodemo anayatafsiri kwa ukali kuliko yalivyosemwa.

“Koplo, wewe ni mtu wa hapa. Umempa nani? Ndugu zako wezi wa ng'ombe?”

“Sijampa mtu, Afande.”

“Limekwenda wapi?”

“Sijui, Afande.”

Malori yangeondoka asubuhi. Kama ganda lisingepatikana, Waitara angepandishwa kama mfungwa, apelekwe Dar es Salaam, na huko jeshi lingemtema. Nikodemo aliniambia hivyo mwenyewe, na alipoona machozi yangu alitazama buti zake. Nilikimbia mpaka nyumbani na kanga mkononi.

Mokami alikuwa amekaa kivulini mwa ghala la wimbi. Nilianza kumweleza, mkono wake ukasimama karibu na pua. Ndipo nikaiona ile shaba.

“Mama! Ni hilo!”

“Hili lilinirukia.”

“Wamemshika baba Hezekia kwa ajili yake! Wanasema amewapa wezi wa ng'ombe!”

Alinitazama kana kwamba nimemmwagia maji. “Walisema watafunga atakayekutwa nalo,” akasema taratibu. “Niliogopa, nikanyamaza. Maneno ya aliyepiga kujibu niliyaona kisingizio cha bahili; sikujua kwamba kunyamaza kwangu kumemfunga Waitara.”

Mimi nilikuwa na akili ya haraka, ile isiyofaa. Nikamwambia, “Nipe. Nitapita kando ya uwanja, nilitupe kwenye nyasi, walipate wenyewe. Hakuna atakayejua.”

“Wakilipata kwenye nyasi walizokwishapapasa, watasema yeye ndiye aliyelificha halafu akaogopa. Hapana. Atakwenda mwenye pua.”

“Watakufunga, mama.”

“Wanifunge. Huko jela nako si kuna watu wanaotaka ugoro?”

Alisema hivyo huku akiliziba tena ganda kwa gunzi. Akainuka, akafunga nguo yake vizuri, akatangulia. Njiani hakuongea hata neno moja, na Mokami asiyeongea ni kitu cha kutisha. Nilimfuata nikiomba Mungu kwa sauti ya chini, naomba yule mzungu awe na mama.

Jua lilikuwa bado lipo tulipofika kambini. Alipita katikati ya mahema, akasimama mbele ya kapteni na kunyoosha mkono na ganda juu ya kiganja. Waitara alipoliona alifumba macho.

“Mwambie,” alimwambia Nikodemo, “hili ganda ninalo mimi. Mwanangu hajui kitu. Nimemwomba ganda tangu siku alipoingia jeshi lenu na amekataa. Nimemwita bahili mbele ya mkewe, na bado akakataa. Leo bunduki yenu imenipa bila kuombwa. Kama ni kosa, mfungeni anayenusa, na huyo mpeni mkanda wake.”

Safari hii Nikodemo alitafsiri taratibu, wala hakuongeza ukali. Kapteni alichukua ganda, akatoa gunzi, akalisogeza puani ili aone kuna nini ndani. Ugoro wa Mokami si wa kuchungulia. Mzungu alipiga chafya, akapiga nyingine, akashika nguzo ya hema, shingo ikazidi kuwa nyekundu. Hakuna askari aliyethubutu kucheka, lakini niliona mabega yao yanatikisika.

Alipopata pumzi aliuliza mama huyu alikuwa amekaa wapi. Mokami akasema, “Twendeni nikawaonyeshe. Mpige tena mwone.”

Wakakubali. Nikodemo mwenyewe akalala pale alipolala Waitara, na kapteni akasimama pale alipokaa Mokami, mikono nyuma, na uso wa mtu asiyeamini. Risasi ya kwanza, ganda likaanguka karibu yake. Risasi iliyofuata, ganda likampiga kifuani, likateremka mpaka kwenye buti. Akainama, akaliokota, akalirusharusha mkononi kwa sababu ya moto, kisha akacheka, na hapo kambi nzima ikaangua kicheko kilichokuwa kimebanwa.

Waitara akarudishiwa mkanda wake. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi na kulia kwa furaha, sikujali nani ananitazama. Nikodemo alipita karibu akaniambia, “Shemeji, samahani. Mdomo wangu ulikimbia.” Nikamwambia ni kweli ulikimbia. Kisha nikamwambia yamekwisha, maana yalikuwa yamekwisha.

Ganda halikurudi kwa Mokami. Waliumwaga ugoro, wakalifuta, likaingia kwenye sanduku pamoja na wenzake, na hesabu ikatimia. Waitara aliruhusiwa kula nyumbani jioni ile. Mama yake alimsongea ugali wa wimbi kwa mkono wake, akakaa akimtazama anavyokula, jambo ambalo sikuwahi kumwona analifanya.

“Mura, kijana wangu,” akasema, “nilidhani unaninyima.”

“Sikukunyima, mama.”

“Sasa nimejua. Kula.”

Asubuhi malori yaliondoka, Waitara ameketi mbele karibu na dereva, kofia imekaa sawa. Nilipunga kanga mpaka vumbi likaisha. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu anaondoka.

Mokami aliendelea na pembe yake yenye ufa. Aliiziba kwa nta ya nyuki, na mvua zikija alinung'unika kama kawaida, lakini neno ganda halikutoka tena kinywani mwake. Kezia alizeeka, maringo yakampungua, na siku moja alikuja kwetu akalivua lile la shaba shingoni. Akasema macho yamemwisha, pua nayo haitaki tena, basi mwenzake alichukue.

Mokami alilipokea, akaligeuzageuza kwenye mwanga. Nilijua alilitamani, nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile. Kisha akamrudishia, akamfungia kamba shingoni yeye mwenyewe.

“Kwanza muulize Nikolaus,” akasema, “kama huko Burma wamemaliza kuhesabu. Isije kuwa kuna mtoto wa mtu bado amesimama bila mkanda.”

Akachukua pembe yake, akanusa, akapiga chafya.