Anisia, dalali wa Katoro asiyeuza kwa ndoto

Kunakucha Katoro. Ukungu umelala juu ya mabati ya soko, moshi wa maandazi unapanda taratibu kuufuata, na mji mzima unafanana na mtu aliyeamshwa kabla ndoto yake haijafika mwisho. Pembeni ya stendi, chini ya turubai lililopauka, Anisia Marcel (39) amepiga magoti mbele ya friji jeupe linalomfika kifuani. Anachungulia tundu la chini, ambamo utambi wa mafuta ya taa unawaka mwali mdogo wa bluu.

"Limelala vizuri," anasema kwa sauti ndogo, kana kwamba anaogopa kuliamsha. "Usiku limetengeneza barafu."

Umeme haujafika hapa, kwa hiyo barafu ni habari. Tangu friji lishushwe kwenye basi, watu wanapita kulichungulia na kuondoka wakitikisa vichwa.

Anisia, ambaye hapa sokoni wanamwita Mama Esta, ni dalali wa vitu vilivyokwisha kutumika. Kando ya friji pana kitanda cha chuma, redio ya mbao, baiskeli iliyokosa mnyororo na saa ya ukutani ambayo haijasema kweli tangu ilipofika.

"Watu wananiambia nauza takataka," anasema huku akipitisha kitambaa kwenye kitanda. "Hiki wamezaliwa juu yake watoto wanne. Utaniambia ni takataka?"

Hakuna hata kimoja kilicho chake. Wenye mali wako Ushirombo, alikozaliwa, na Shinyanga mjini. Wanampakilia kwenye mabasi, naye akiuza hubaki na shilingi moja katika kila kumi. Mwezi mzuri huingiza elfu kumi na mbili. Mwezi mbaya, anasema, "tunakula michembe ya viazi na kumshukuru Mungu."

Duka lake haliishii kwenye turubai. Anisia huchana maboksi, akaandika juu yake kila kitu kilivyo, halafu huwapa makondakta wakayatundike stendi za Segese, Ushirombo na hata Shinyanga. Mtu husoma boksi akiwa mbali, akafunga safari au akatuma mwingine.

"Anakuja mtu anayekijua kitu kwa maneno yangu tu, na mimi simjui hata kwa jina la baba yake," anasema. "Hapo ndipo kazi ilipo."

Kazi yenyewe ni kumjua mnunuzi wa kweli, na Anisia anaianzia kwenye salamu. Anayeikatisha ana haraka ya kwenda wapi? Yule anayesema tajiri wake yuko nyuma na pesa, kwamba atangulie na mzigo, hupewa kiti na kuambiwa amsubiri tajiri huyo kivulini. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli mahali pengine.

Lakini dalili anayoipenda kuliko zote ni matusi.

"Mnunuzi wa kweli lazima akiseme vibaya kitu," anacheka. "Atakwambia baiskeli imepinda, redio inakoroma. Moyoni keshaipenda, anataka tu umpunguzie. Mwizi anasifu. Apunguziwe ya nini, wakati hana mpango wa kulipa?"

Juu ya kichwa chake linaning'inia boksi kubwa kuliko mengine, lenye maneno: HAPA HATUUZI KWA NDOTO. Wageni hulisoma wakacheka. Wachimbaji wa dhahabu hawacheki.

Kwa wachimbaji wa ukanda huu, ndoto ni jambo zito. Mtu yuko tayari kuliacha duara, yaani shimo, lenye mali akaenda kuchimba porini alipooteshwa. Na kwa kitu alichokiota haombi apunguziwe bei hata siku moja, kwa sababu wanaamini ukiipunguza bei ya ndoto, bahati nayo inapungua.

Anisia mwenyewe aliyaheshimu hayo mpaka miaka miwili iliyopita, mwaka 1993. Mwaka huo alikuwa na cherehani ya Mama Gulnaz, mjane wa mfanyabiashara wa Kihindi wa Shinyanga mjini. Siku moja akaja bwana mmoja ndani ya suti ya kaunda, viatu vimepigwa rangi, sauti imejaa unyenyekevu.

"Akaniambia, 'Mama, nimeota cherehani. Nyeusi, ina maua ya dhahabu, meza yake ya mbao nyekundu.' Moyo ukanipiga paa! Ilikuwa yenyewe kabisa."

Bwana yule hakuuliza bei mara mbili. Alitoa kipande cha dhahabu kilichofungwa kwenye kitambaa, kizito kuliko thamani ya cherehani, akaomba arudishiwe ile iliyozidi kwa noti. Anisia akakusanya akiba yake yote akampa, na wapagazi wa bwana yule wakaibeba cherehani. Jioni sonara alikisugua kile kipande kwenye jiwe lake, akamrudishia. Ilikuwa shaba.

"Nilipanda basi kwenda Shinyanga kumwambia mwenye mali. Njiani ndipo nilipozinduka," anasimulia. "Nyeusi, maua ya dhahabu, meza ya mbao nyekundu. Yale yalikuwa maneno yangu! Niliyaandika mwenyewe kwenye boksi. Yule bwana hakuota cherehani, aliota boksi langu."

Mama Gulnaz alimsikiliza mpaka mwisho, akammiminia chai, akamuuliza swali moja tu.

"Aliigusa?"

Anisia akafikiri. Hakuigusa. Hakuzungusha hata gurudumu.

"Mimi nimeuza vitambaa tangu nikiwa msichana," mjane yule akamwambia. "Mtu asiyegusa si mteja."

Kisha akasimama, akaitoa saa iliyokuwa ukutani kwake, akaifunga kwenye khanga. "Kauze hii. Safari hii tazama mikono."

Hapo Anisia hujifuta macho kwa kitambaa kilekile cha vumbi. "Nilikwenda nikijua nimefukuzwa kazi. Nikarudi na saa mapajani, inanigongea njia nzima."

Saa hiyo aliiuza. Aliporudi Katoro, kabla hajafanya lingine lolote, aliandika lile boksi kubwa na kulitundika. Tangu hapo yeyote anayetaja ndoto huoneshwa boksi hilo kwa kidole.

Sasa Mama Gulnaz amezeeka na anahamia Mwanza kwa binti yake. Friji hili jeupe ndilo kitu chake cha mwisho. Likipotea kama ilivyopotea cherehani, Anisia hatakuwa na uso wa kumtazama tena, wala hakuna mtu wa Shinyanga atakayempakilia hata kijiko.

Kuna jambo lingine pia. Nyuma ya soko kuna fremu ya mzee Meshack, chumba cha matofali chenye bati zima. Anisia amekuwa akidunduliza kwa ajili yake miaka miwili. Meshack anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, elfu kumi na nane, na mwisho ni Ijumaa. Baada ya hapo anampa muuza pombe.

"Amana za watu zinalala nje kama mbuzi," anasema. "Mimi na mwanangu Esta tunapokezana kuzilinda. Masika iliyopita redio nzuri ilikunywa maji ikafa. Fungu langu kwenye friji hili ndilo litakalotuingiza ndani."

Jua limeshapanda anapotokea Bujiku, mchimbaji wa huko Segese, kaptula imekakamaa kwa tope, mikono ameiweka nyuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Salamu hiyo ya Kisukuma inakwenda mbali, inapita kwa watoto, kwa ng'ombe, kwa mvua inayochelewa. Bujiku hakatishi hata pale ambapo pangekatishika. Anisia anaanza kumpenda.

"Hilo bei gani?"

"Laki moja na nusu."

"Sawa."

Neno hilo moja linamkunja Anisia uso. Hakuna kuguna, hakuna kushika kichwa. Mtu amesimama hatua mbili nyuma, mikono mgongoni, macho yamemezwa na ule weupe.

"Hulitazami hata ndani?"

"Nimeshaliona, mayu. Nililiota."

Anisia ananyoosha kidole juu. "Unajua kusoma, baba?"

Bujiku anasoma polepole kwa sauti, herufi moja moja, mpaka mwisho. Wauza nyanya wa jirani wameshaanza kucheka.

"Basi nenda kaote kingine," Anisia anamwambia.

Mchimbaji anainamisha kichwa na kuondoka, lakini haendi mbali. Anakaa juu ya tofali ng'ambo ya njia, akalitazama friji. Anakula muwa, analitazama. Kivuli kinahama, naye anahama nacho. Katikati ya hapo Anisia anamuuzia mama mmoja kile kitanda, baada ya mama huyo kukitukana kuanzia miguu hadi kichwani, lakini furaha ya kawaida haimjii.

"Mwizi ukimkataa anaondoka upesi, ana boksi lingine la kwenda kusoma," ananong'ona. "Huyu anangoja nini?"

Mwishowe uvumilivu unamshinda. Anachota maji kutoka kwenye friji, anavuka njia na kumpa kikombe. Bujiku anakipokea kwa ncha za vidole.

"Niambie kweli. Mbona hukuligusa?"

Mchimbaji anaitazama mikono yake, kisha anamwonesha. Ni myeusi hadi kwenye mistari ya viganja.

"Imetoka kukamua dhahabu kwa zebaki hii, mayu, na zebaki ni sumu. Na lile ni la kuwekea maziwa. Mtoto wa mtu atakunywa."

Baadaye Anisia ataliweka hivi: "Miaka miwili natazama mikono ya watu nikitafuta hila. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuificha kwa adabu. Niliona aibu, sikufichi."

Analeta sabuni na ndoo, anammiminia maji mwenyewe. Bujiku anasugua hadi kwenye viwiko.

"Sasa nipe hiyo ndoto. Yote."

"Niko chini ya duara," Bujiku anaanza, "joto kali, wenzangu wameshapanda juu. Naona mlango mweupe kwenye mwamba. Mke wangu, Philomena, anaufungua kutoka ndani, ananipa kipande cha barafu. Mimi sijawahi kushika barafu tangu nizaliwe. Nikakaa nacho mkononi kinang'aa tu, na joto lote likaniisha." Anakohoa kwa haya. "Tuna ng'ombe wawili wa maziwa. Kabla hayajafika kwa wachimbaji, jua limeshayaharibu. Philomena analia kila siku."

Anisia anafungua friji, anabandua kipande cha barafu, anakiweka kwenye kiganja kile kilichotakata.

Bujiku anashtuka, lakini hakiachii. Wauza nyanya wamesahau kucheka. Maji yanaanza kumtiririka kwenye mkono, yanadondoka vumbini, tone baada ya tone, na yeye ametumbua macho kama mtoto kanisani siku ya Noeli. Kipande kinakuwa chembamba, kinakuwa kidogo, kinakwisha. Anakigeuza kiganja huku na huku, na uso wake ni wa mtu aliyepunjwa.

"Hapana," anasema. "Kwenye ndoto haikuyeyuka."

Anisia anaangua kicheko kinachomlazimu kushikilia nguzo ya turubai.

"Mwongo angesema ndiyo yenyewe!" anasema akifuta machozi. "Ndoto ya mwongo inafanana na boksi. Huyu kaota cha kwake."

Na Bujiku, sasa kwa kuwa hiki sicho hasa alichooteshwa, anajiona yuko huru kuomba apunguziwe. Anafungua mlango, anaufunga, anausikiliza.

"Mlango umelegea huu. Hapa pana kutu. Na moshi wa mafuta, mayu, si utanukia kwenye maziwa? Punguza."

Anisia amekunja mikono kifuani, macho ameyafumba nusu, anasikiliza matusi yale kama mtu anayesikiliza kwaya. Wanavutana mpaka jua linaegemea magharibi, na bei inashuka hadi laki moja na thelathini. Bujiku ana dhahabu. Anisia anamwambia dhahabu haipokewi hapa, aende kwa sonara kwanza arudi na noti. Anakwenda bila kununa, na anarudi nazo.

Friji linazimwa na kufungwa wima kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Anisia anamwelekeza mara mbili: likifika lisimame kwanza, litulie, ndipo liwashwe. Barafu iliyobaki anaitia kwenye sufuria na kuifunika kwa majani ya mgomba.

"Mpelekee Philomena."

"Itafika kweli?"

"Haitafika. Mpelekee maji yake."

Ijumaa, Meshack amepokea kodi yake. Fungu la Mama Gulnaz limetumwa Shinyanga, na Anisia na Esta wanahamisha amana za watu, moja moja, kupitia soko linaloanza kuzizima kwa jioni. Bei iliyoshushwa na Bujiku imekula pesa ya mlango, kwa hiyo fremu iko wazi, na mwanga wa machweo unaingia mpaka ukutani bila kubisha hodi. Leo usiku mama na binti watalala kizingitini kuziba pengo.

Lile boksi kubwa amekuja nalo. Ameligeuza upande usio na maandishi na kulilaza sakafuni, pale atakapoweka kichwa.

"Chumba hiki nimekiota miaka miwili," anasema, akiishika fremu ya mlango usiokuwepo kwa kiganja kizima. "Kwenye ndoto kina mlango wa bluu, kina rafu, kina taa. Nitavinunua, kimoja kimoja." Anapitisha mkono kwenye tofali, anakuta ufa, anausonya kama mnunuzi. "Tazama, hata ukuta wenyewe mbovu. Sasa ndiyo naamini ni chenyewe."