Ndege ya Mapadri

Juzi nilipopita Uvira, nilimwona kijana akirusha droni ufukweni, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mdogo, baba mdogo, fundi wa redio pale mtaani Nyamianda, aliachiwa ndege ya vita ya kuchezea na Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, ndege ndefu kunishinda, inayoongozwa kwa mawimbi ya redio. Alitaka kuirusha mchana huohuo. Lakini mchanga wote wa ufukweni ulikuwa umeanikwa ndagala, wale dagaa wa ziwani, za shangazi, dada yake mkubwa.

"Ndege ya vita haitapita juu ya ndagala zangu, weye," alisema shangazi.

"Basi nitaigeuza ya mapadri."

Aling'oa mabomu ya plastiki, akaipaka ndege rangi nyeupe iliyobaki ya nyumba, tabaka juu ya tabaka, akachora misalaba kwenye mabawa. Mimi nikaelewa kwamba askari ameshuka, padri amepanda.

Iliruka ikinguruma, ikinuka mafuta na rangi mbichi. Leo najua rangi ile iliilemea. Ilizunguka kidogo, ikainama, ikaanguka katikati ya ndagala. Shangazi akainua fimbo yake ya kufukuzia mbwa ili aivunjevunje. Baba mdogo akafumba macho.

Mimi nikafika mbio na kikombe.

"Unapelekea nani maji?" shangazi aliuliza.

"Padri. Iko ndani."

Midomo ya shangazi ikaanza kumchezacheza kwa kicheko. Akashusha fimbo.

"Umupatie. Akimaliza kunywa, umwambie atoke, aokote ndagala zangu."