Shukuru Aliyeimba Ndani ya Ukungu

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, wewe ulikuwa bado tumboni. Bibi yangu, tunayemwita Tate, alikuwa amesimama bandarini Rubona na beseni lake tupu, anasubiri sambaza, na mjomba, mwanawe, amesimama nyuma yake kumpima kumbukumbu.

Tate alikuwa ameuza vile visamaki maisha yake yote. Alipoanza kusahau chungu motoni, mjomba alimpumzisha nyumbani, akamwekea kwenye simu mchezo wa kukumbuka picha zilizofichwa. Tuliamini utamnoa akili. Kweli aliuweza, hata akatushinda sisi vijana. Lakini chungu kiliendelea kuungua, na majina ya watu yakaanza kumpotea. Mwishowe akamrudishia mjomba simu.

"Baba, hii simu iko inanifundisha simu tu. Watu wangu ndio niko napoteza. Unirudishe Rubona."

"Na kama hautawajua?"

"Basi nitakaa nyumbani. Twende unione."

Ukungu ulikuwa umefunika ziwa lote. Wavuvi wetu hurudi wakipiga makasia kwa wimbo, na kila kundi lina mwimbishaji wake. Tate akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Hao ni watoto wa Mama Zawadi. Ule anaongoza, kikohozi bado haijamuacha."

Mitumbwi ikatokea. Ndio wao! Kundi la pili akalitambua vilevile. Kisha likaja la tatu, na sauti ngeni. Mjomba alinitazama, nami nikatazama chini.

"Huyu mi simujui," Tate akasema. Akaingia majini mpaka magotini, akapaza sauti: "We unayeimba! Uko mutoto wa nani?"

"Shukuru, Tate! Mama anauza mihogo sokoni Mahoko!"

"Ndiyo sababu sauti iko nzito hivyo, mihogo imekujaa!"

Bandari nzima ikacheka. Njia yote ya kurudi Tate alikuwa akiliimba jina hilo polepole. Mjomba akasema, "Bon, sawa, kesho tena, tuone."

Kesho yake wimbo ulitoka mbali, mitumbwi haijaonekana. "Shukuru!" Tate akaita. "Mama na mihogo yake, wameamkaje?" Sauti ileile nzito ikaitikia kutoka ziwani. Mjomba aliinama, akamshikia beseni.

Chungu bado anakisahau, mwanangu. Mimi ndiye ninayekilinda. Sijui kama kuna kitu kinachozuia uzee. Mchezo wa simu ucheze ukikupendeza, lakini utakufanya hodari wa mchezo huo. Akili yako wape watu. Toka, tembea, sikiliza, na jina usilolijua liulize, ulirudie mpaka likae. Na mzee wako akianza kusahau, usimfungie ndani kwa kumpenda. Fuatana naye.

Mungu akupe masikio ya Tate. Na ukizeeka, usikose wa kukuitikia kutoka ziwani, wala wa kukushikia beseni.